Miche ya Bahari Kando ya Tanganyika: Kisa cha Bustani Moja Kigoma

Mwenye bustani ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo chake kiliishia kwenye nyumba inayotazama Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kibirizi, pale mlima unaposhuka ghafla na kuacha kipande cha mchanga tambarare kabla ya maji. Mkewe ni mzaliwa wa Pangani, na hilo lina uzito katika kisa hiki, kwa sababu bustani aliyoitaka ni ile aliyokulia: mivinje inayovuma, minazi, na mkungu wa kukaa chini yake jioni. Muuza miche wa Dar es Salaam waliyempigia simu aliuliza kama nyumba iko ufukweni. Wakamjibu iko ufukweni. Miche ikaja kwa basi, ikapandwa Novemba 2022: mstari mmoja wa mivinje chini karibu na maji na mwingine juu, minazi mifupi, mikungu, bogenvilia, na iksora za kuzungushia baraza. Ukiiacha iksora, yote hiyo inasifika kwa kustahimili chumvi.

Nilipoitwa kutafuta kinachoiua bustani ilikuwa Agosti 2024. Mivinje ya mstari wa chini ilikuwa kuni tayari. Mikungu imebaki matawi. Iksora za upande wa ziwa zimekuwa za njano, na minazi haijaongeza kuti la maana tangu ishuke kwenye basi. Bogenvilia peke yake ilikuwa inachanua kama mgeni asiyeambiwa kuna msiba.

Mwalimu alikuwa amekwisha kutoa hukumu. "Chumvi ya ziwa hii, kijana. Tazama majani yalivyoungua kingo." Alikuwa na dawa mbili: ajenge ukuta wa tofali kando ya maji kuzuia upepo wa chumvi, kisha aagize miche mikali zaidi. Tofali za kuanzia zilishashushwa.

Sufuria na ndimu

Nilianza na lililo wazi: maji haya ndiyo mji mzima unayoyanywa. Mwalimu akajibu kwamba kunywa ni jambo moja na jani ni jambo jingine. Hoja hiyo si ya kupuuza, maana mtu huweza kunywa maji yatakayouumiza mche, na ukingo wa jani ulioungua kwa chumvi unafanana sana na ulioungua kwa upepo mkavu. Vyote viwili huanzia upande unakotoka upepo, na vyote viwili huanzia kwenye ncha. Kwa macho tu huwezi kuvitenganisha.

Basi tukaingia jikoni. Mama mwenye nyumba aliteka maji ya ziwa, akayabandika, akayaacha yachemke mpaka yakauke kabisa. Chini ya sufuria ukabaki unga mweupe uliong'ang'ania kingo. Nikamwomba ndimu. Tone la kwanza lilipougusa ule unga, ukafanya povu na kutoa sauti ndogo ya kuchemka. Chumvi ya kupikia ukiikamulia ndimu inalowana tu. Kinachotoa povu ni jamii ya magadi.

Hiyo ndiyo tabia ya Tanganyika. Chumvichumvi zote zilizoyeyuka katika lita moja ya maji yake hazifiki gramu moja, wakati lita ya maji ya bahari ina yapata gramu 35. Lakini hicho kidogo kilichomo ni cha aina yake: bikaboneti nyingi, magnesiamu na sodiamu kwa wingi kuliko kalisi, na kipimo cha pH, kile cha uchachu na umagadi ambacho katikati yake ni 7, kinachokaribia 9. Sababu ni kwamba ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengi yanayoondoka humu huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke hauchukui madini. Malagarasi, Rusizi na vijito vya milimani vinaleta, jua linachukua maji peke yake, kinachobaki kinajilimbikiza.

Kwa mimea mingi ya kawaida si tatizo. Mchicha unamwagiliwa maji hayo kila kiangazi na watu wanakula. Ila sasa tulikuwa na swali la kuuliza kila mmea pale nje, kwa sababu "chumvi imeua bustani" lilikuwa jibu moja lililopewa mambo manne tofauti.

Iksora, mkungu, mvinje, mnazi

Iksora ndiyo iliyokuwa rahisi, na ilijieleza yenyewe. Majani machanga yalikuwa ya njano lakini mishipa yake imebaki kijani, kama michoro. Hiyo ni dalili ya kukosa chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila udongo umekuwa wa kimagadi mno na mzizi hauwezi kukivuta. Iksora inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Hapa ilikuwa inanyweshwa kwa pampu kutoka ziwani kuanzia Juni hadi mvua. Ushahidi ulikuwa pembeni ya nyumba: vichaka vya iksora hiyohiyo, vya siku moja, vilivyo jirani na simtanki la maji ya mvua, vilikuwa kijani kibichi. Dada wa nyumbani alikuwa anavimwagilia kwa maji ya simtanki kwa sababu ndoo iko karibu. Na kulikuwa na la ziada. Kila shimo la iksora lilitiwa majivu kuzuia mchwa. Majivu nayo ni ya kimagadi, kwa hiyo mmea ulipigwa kutoka juu na kutoka chini.

Mkungu haukuwa mgonjwa. Mti huu hupukutisha majani yake wakati wa ukame, tena kwa mbwembwe: yanageuka mekundu, kisha chini. Mwalimu aliona wekundu akadhani ni kuungua, na alikuwa amemwagiza kijana wa shamba aing'oe yote. Nilikwangua gome kwa ukucha, chini yake kijani kimejaa, na kwenye ncha za matawi vichipukizi vilishavimba. Pwani mkungu unafanya vilevile, na Mama alilikumbuka hilo pale pale, tena kwa kicheko: "Mbona hata kwetu huwa unavua nguo?"

Mivinje ya chini ndiyo iliyohitaji jembe. Tulichimba kwenye shina mojawapo. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu, lakini kina cha mkono mmoja ulikuwa mweusi na unanuka yai viza, na mizizi ukiivuta kwa vidole ngozi yake inavuka na kubaki uzi. Hiyo ni mizizi iliyokosa hewa. Masika ya 2024 ziwa lilipanda kuliko kawaida, kama lilivyopanda 2020 na 2021, likaingia majumbani na kwenye mialo upande wetu, Burundi na Kongo. Kwa kawaida maji hufika juu kabisa mwezi Aprili au Mei, kisha hushuka taratibu hadi Oktoba au Novemba. Mstari wa mivinje ulisimama majini wiki kwa wiki.

Hapa ndipo orodha ya pwani ilipopotosha zaidi. Mvinje ufukweni Pangani unafikiwa na maji makuu, lakini maji hayo yanarudi baada ya saa chache na mchanga unavuta hewa tena. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Tanganyika inajaa mara moja kwa mwaka, na ikijaa inakaa. Mti unaovumilia chumvi haujaahidi kuvumilia kuzama. Mivinje ya mstari wa juu, ya mbegu ileile na upepo uleule, ilikuwa imefika usawa wa bati.

Minazi nitaipitia haraka. Ziwa liko yapata mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mnazi unaota hapa, na wapo wanaovuna, lakini hustawi vizuri zaidi kwenye nchi ya chini, isiyozidi mita 600 hivi. Ukaupanda kwenye mchanga mtupu usio na samadi, kiangazi cha miezi minne, huwezi kutegemea makuti. Wakati huohuo, nyuma ya uzio, kwa jirani, michikichi iliyojiotea ilikuwa imebeba mikungu ya ngazi, yaani vishada vya matunda yake. Mkoa huu ndio nyumbani kwa mawese, na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kiko hapahapa Kigoma kikizalisha miche bora ya michikichi. Sikuona sababu ya kumfuata binamu yake, mnazi, Dar es Salaam.

Ukuta

Kwa Mwalimu, ukuta ulikuwa jambo la heshima zaidi kuliko la bustani, na mazungumzo yake yalichukua muda.

Kwanza sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Bikoni za kiwanja chake zenyewe zinaishia juu ya hapo, kwa hiyo kile kipande cha mchanga alichokisafisha matete ili aone maji hakikuwa chake kujengea.

Pili, ukuta haufanyi kazi aliyoutarajia. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi unasafiri juu ya maji mapana bila kizuizi, na mchana joto la nchi kavu linauvuta zaidi kuelekea mlimani. Ukikutana na ukuta mzima, upepo unaruka juu na kuangukia nyuma yake ukiwa unazunguka, na mmea ulioupanda ukidhani umejificha unatikiswa kila upande. Kinachopunguza upepo ni kitu chenye matundu, kinachouchuja: safu ya miti inayopitisha karibu nusu yake. Safu ya namna hiyo hutuliza hewa nyuma yake kwa umbali wa mara kumi ya urefu wake, wakati mwingine zaidi.

Tatu, maji yenyewe. Kabla ya mlango wa Lukuga kufunguka karne ya 19, ziwa lilikuwa mita kadhaa juu ya lilipo leo. Ndiyo maana kumbukumbu ya Livingstone kule Ujiji, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, leo iko mbali na maji kuliko enzi hizo. Ziwa lenye historia hiyo huliwekei tofali za block ukalala usingizi. Mvuvi mmoja wa jirani, aliyekuwa anaanua dagaa kwenye chanja, alisikiliza yote kisha akasema kwa upole, "Mzee Mwalimu, mwaka ule maji yalifika hapa nilipokaa." Nadhani sentensi hiyo ilifanya kazi kuliko kifungu cha 57.

Tulichochagua, na tulichobishania

Badala ya kuuliza mmea upi ni wa ufukweni, tuligawa eneo kwa maswali mawili: Mei maji yanafika wapi, na Agosti upepo unapiga wapi. Alama ya maji ya 2024 ilikuwa bado inaonekana kwenye mashina makavu, tukaifuata kwa kamba.

Chini ya alama hiyo hatukupanda kitu cha kununua. Matete yalikuwa yameshaanza kurudi yenyewe, na matete ndiyo yanayoshika mchanga ule usiondoke na mawimbi. Samaki wadogo nao wanajificha humo. Hapa Mama alinipinga, na alikuwa na hoja nzito. Matete manene yanaficha mamba na nyoka wa majini, na maji yaliyotulia kati ya mimea ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Ana wajukuu wanaokuja likizo. Sikuwa na jibu la kumridhisha kabisa, na bado sina. Tulikubaliana njia moja pana, iliyofyekwa mpaka kwenye maji ya wazi na mchanga mtupu, na watoto wasiogee wala kuchota mahali pengine popote. Mtu mwingine angeweza kuamua vingine, lakini kufyeka ufukwe mzima, kama alivyokuwa amefanya Mwalimu, kunaondoa mchanga wenyewe.

Kwenye alama yenyewe na juu yake kidogo, pale maji yanapofika mwaka mbaya tu, tuliweka vetiva kwa mistari miwili inayokatiza mteremko. Nyasi hizi mizizi yake inashuka wima hata mita tatu, zinavumilia kuzama kwa muda mrefu na kukauka pia, na hazitawanyiki: hazitambai wala hazizai mbegu inayoota. Mashina tulipata kwa jamaa anayezipanda kwenye makinga maji huko mlimani. Mwalimu alipendekeza mabingobingo kwa kuwa ng'ombe wa shemeji yake wanayataka. Nilikataa. Yanastawi mno, na ukiyapa ufukwe yataubeba wote.

Nyuma ya vetiva ikaja mizambarau miwili na mchikichi mmoja. Mzambarau unastahimili udongo wenye maji kuliko miti mingi ya matunda, kivuli chake ni kizito, na upepo hauubabaishi. Kasoro yake ni matunda yanayotia madoa, kwa hiyo usiuweke juu ya maegesho. Mchikichi ulikaa mbali na njia, kwa sababu mashina ya makuti yake yana miiba na huanguka bila taarifa.

Mivinje iliyosalia juu ilipewa safu ya pili, iliyopandwa kwa kupishana ili upepo uchujwe, na katikati tukaingiza mijohoro inayokua haraka. Mikaratusi hapana, ingawa kila fundi aliyepita pale aliipendekeza; bustani ndogo yenye kiangazi kirefu haiwezi kugawana maji na mkaratusi. Minyaa nayo tuliikataa kwa uzio. Inastahimili kila kitu, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni safari ya hospitali, na nimeshawataja wajukuu.

Penye kivuli cha upepo, bogenvilia ikaongezwa kwa vipandikizi vya ileile iliyofanya vizuri. Mchaichai ukawekwa kando ya ngazi ili udongo usishuke na mvua. Mkomamanga na mpera vikapata nafasi mbele, kwa sababu havihangaishwi na maji ya kimagadi. Mparachichi, ambao Mwalimu aliutaka mbele ili wapita njia wauone, ulipelekwa nyuma ya nyumba mlimani: upepo unauvunja, maji yakituama yanauozesha mizizi. Mwembe ulifuata hukohuko nyuma, japo wenyewe ungeweza kuvumilia zaidi.

Iksora hazikung'olewa zote. Zile za upande wa ziwa tulizihamishia kwenye vyungu vikubwa vyenye udongo wa msituni na samadi iliyooza, zikahesabiwa kuwa mali ya simtanki. Majivu yalipigwa marufuku. Kwa mchwa tuliamua matandazo yasiguse shina, yaache duara tupu la kiganja, maana nyasi kavu zilizolundikwa kwenye shina wakati wa kiangazi ni mwaliko.

Minazi miwili ilibaki, na hapo sikuwa na sababu za kitaalamu. Mama alisema, "Mwanangu, hiyo niachie." Tuliisogeza karibu na maji ya bafuni yanapotokea. Mnazi hauogopi maji ya sabuni, na pale unyevu haukatiki mwaka mzima. Itazaa taratibu, kama itazaa.

Yote haya yalipandwa mvua zilipokolea Novemba, ingawa Mwalimu alitaka kuanza Septemba akiwa bado na fedha mkononi. Mche uliopandwa Novemba unapata miezi sita ya kushusha mizizi kabla kusi halijaanza. Uliopandwa Septemba unaanza maisha kwa kunyweshwa magadi kila siku. Na kunywesha kwenyewe tulikubadilisha: maji mengi mara mbili kwa wiki, yashuke, badala ya kulowesha uso wa mchanga kila jioni na kuacha ukoko mweupe juu. Ule ukoko mvua za kwanza huusafisha, lakini mche mdogo hausubiri.

Kiangazi cha 2025

Mikungu ilirudisha majani na haijadaiwa kitu tena. Vetiva zilishika, isipokuwa kipande cha mwisho ambako mbuzi wa jirani waliingia wakang'oa mashina kabla hayajaota mizizi. Kwenye ukingo ule hakuna uzio, na hauruhusiwi. Vipande hivyo vitajazwa kwa kupasua mashina ya vetiva zilizopo. Mjohoro mmoja ulilala chini kwa upepo wa Julai, kosa likiwa la kiriba, ule mfuko wa kukuzia mche: mizizi ilikuwa imejiviringisha humo kwa muda mrefu kabla ya kupandwa, haikupanuka. Siku hizi kiriba kinapasuliwa na mizizi ya chini inakatwa kabla mche haujaingia shimoni.

Iksora za vyungu zimetoa majani ya kijani, ila Agosti simtanki lilikauka na wiki mbili za maji ya ziwa zikaanza kurudisha njano kwenye ncha. Tofali zilizokuwa zimeshushwa kwa ajili ya ukuta Mwalimu aliziuza, akaongezea kidogo, akanunua simtanki la pili.